Shimo la Taka Nyuma ya Darasa

Mvulana huyo alikuwa na umri wa miaka 10 alipoletwa mara ya kwanza katika kliniki ya kifua ninayohudumu mjini Morogoro. Aliyemleta ni mjomba wake, jambo lisilo geni kwetu Waluguru, kwa kuwa ukoo wetu huhesabiwa upande wa mama na mjomba ana neno zito katika malezi ya mtoto wa dada yake. Tulisalimiana, akaketi, akavua kofia yake na kuiweka juu ya goti, kisha akanieleza ugonjwa kwa maneno machache.

"Daktari, mtoto huyu Jumamosi na Jumapili hucheza mpira na wenzake mpaka giza liingie. Jumatatu akienda shule, kifua kinaanza kulia. Ikifika Ijumaa halali. Shule ikifungwa, na ugonjwa nao unafunga."

Nilimsikiliza huku mkono ukiandika. Nilimpima mtoto, nikasikia mluzi katika mirija ya hewa, nikatambua kuwa ana pumu. Niliuliza maswali tuliyofundishwa kuuliza: je, nyumbani wanapikia kuni au mkaa? Kuna mvuta sigara? Kuna paka? Blanketi huanikwa juani? Nikampa pampu, nikamwonyesha namna ya kuitumia. Kuhusu Jumatatu na Ijumaa, nilitabasamu tu. "Watoto wengine wana mbinu za kukwepa shule, mjomba," nikasema. Akainamisha uso. "Haya, Daktari. Wewe ndiye uliyesoma."

Katika kipupwe hicho mtoto alirudi mara tatu. Mara ya tatu aliletwa usiku, midomo imebadilika rangi, hawezi kumaliza sentensi bila kukatisha ili avute pumzi. Tulimwekea oksijeni na dawa, na kulipopambazuka alikuwa ameketi kitandani akinywa uji. Ndipo kwa mara ya kwanza nilimwuliza yeye mwenyewe, wala si mjomba wake, asubuhi hufanya nini shuleni kabla ya kengele.

"Tunafagia uwanja. Halafu kundi letu linachoma taka."

"Nani anawasha moto?"

"Mimi. Mimi ndiye kiongozi wa kundi, ninakaa na kiberiti."

"Na shimo liko wapi?"

"Nyuma ya darasa letu."

Nilimfuata mjomba nje, nikamwomba radhi. Nilimwambia kwamba alikuwa amenieleza ugonjwa wote siku ya kwanza, nami sikusikia. Alinitazama kidogo, akasema, "Hakuna neno, Daktari. Tuseme sasa: hilo shimo tutalifanyaje?"

Makala haya yanatokana na swali la mjomba huyo. Nimeona vema niwaandikie wahudumu wenzangu wa afya, wagonjwa na wazazi, kwa sababu kwa muda mrefu tumelichukulia suala la taka za shule kuwa la walimu na mabwana afya peke yao. Kwa maoni yangu ni suala la tiba. Mtoto anayetibiwa kifua kliniki, kisha akarudishwa kwenye moshi uleule kila asubuhi, hajatibiwa.

Moshi wa asubuhi

Yeyote aliyesoma shule ya msingi nchini anaikumbuka desturi ya usafi wa asubuhi. Wanafunzi hufika mapema, wengine na mafagio ya chelewa, wengine na ndoo za maji. Uwanja hufagiwa, majani ya miembe na mijohoro hukusanywa pamoja na karatasi, vijiti vya kalamu, nailoni za barafu na chupa za maji, na vyote humwagwa shimoni. Kisha moto huwashwa. Desturi ya kufagia ni njema, na sina nia ya kuilaumu. Watoto wa Japani nao husafisha shule zao wenyewe, na dunia huwasifu kwa hilo. Kasoro ipo katika hatua ya mwisho, yaani moto.

Moshi wa shimo la taka una chembe ndogo mno, ambazo upana wake haufiki sehemu 1 kati ya 20 ya unene wa unywele. Pua na koo haziwezi kuzizuia. Huingia hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo ndani kabisa ya mapafu, na baadhi hupenya na kuingia katika damu. Plastiki inapoungua katika moto hafifu huongeza sumu za aina nyingine. Vyombo vyeupe vyepesi vya kubebea chipsi, nyaya, mabomba na ngozi bandia za viatu na mikoba kila kimoja kina sumu yake. Vile vyenye klorini, kama mabomba na ngozi bandia, hutoa kemikali ziitwazo dioksini. Mwaka 1997 shirika la kimataifa linalotafiti saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka aina kali kuliko zote ya dioksini katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Mwaka 2013 shirika hilohilo liliuweka katika orodha hiyo uchafuzi wa hewa ya nje kwa ujumla wake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa hewa chafu, ya nje na ya majumbani, huchangia vifo vya mapema vya watu takriban milioni 7 kila mwaka.

Mtoto hudhurika zaidi kuliko mtu mzima kwa sababu kadhaa. Huvuta hewa nyingi zaidi kwa kila kilo ya uzito wake. Mirija yake ni myembamba, hivyo uvimbe mdogo huiziba kwa urahisi. Mapafu yake bado yanakua, na ukuaji huo huendelea hadi anapokaribia au kuvuka miaka 20. Aidha, kimo chake humweka karibu na moshi, na kazi yake ya uchochezi wa moto humweka karibu zaidi.

Kwetu Morogoro kuna jambo jingine la kuongeza. Mji umeegemea miguu ya Milima ya Uluguru. Katika miezi ya kipupwe, hewa ya baridi huteremka kutoka milimani usiku na kutulia chini kama maji katika bakuli, huku hewa yenye joto zaidi ikitanda juu yake kama kifuniko. Moshi uliowashwa saa moja asubuhi haupati pa kwenda. Hutambaa juu ya uwanja, huingia madirishani, nao hukaa darasani hadi jua lipande. Ndiyo maana mgonjwa wangu alizidiwa katika kipupwe.

Nisieleweke vibaya. Pumu ina visababishi vingi, na sidai kwamba shimo hilo ndilo lililompa mtoto huyo ugonjwa. Ninachosema ni kwamba mtoto mwenye mirija inayowashwa haraka alikuwa akikabidhiwa kiberiti kila siku ya shule.

Taka isiyochomwa nayo

Huenda msomaji akajiuliza: basi tuziache? Hapana. Taka iliyoachwa ina magonjwa yake, na sisi tunaohudumu katika ukanda huu tunayafahamu.

Kopo, kifuu, tairi kuukuu au hata kizibo cha chupa kikishika maji ya mvua huweza kuwa mazalia ya mbu aina ya Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, anayeeneza homa ya dengi, au kidingapopo. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa hiyo mwaka 2010, 2014 na 2019, na barabara ya kutoka huko hadi Msamvu haina siku ya kupumzika. Mbu huyu hutofautiana na yule wa malaria kwa jambo moja ambalo walimu wanapaswa kulijua: huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Chandarua cha usiku hakimfikii. Mtoto huumwa akiwa darasani. Mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji, na yakishalowa, huchukua takriban siku 7 hadi 10 kufikia mbu kamili. Kwa hiyo shule inayoondoa na kumwaga vyombo vilivyoshika maji mara moja kwa juma huukata mzunguko huo.

Taka nyingine huishia mitaroni. Maji ya mvua yakikosa njia hufurika hadi vyooni, na uchafu wa vyoo husambaa uwanjani na visimani. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka 2015 ulifika Morogoro pia, na waliokuwa wodini wakati ule hawahitaji kukumbushwa.

Hatimaye kuna mto. Mto Morogoro unateremka kutoka Uluguru, unapita mjini, kisha unaungana na Ngerengere, nao Ngerengere unaingia Ruvu, ambao maji yake hunywewa na wakazi wa Pwani na Dar es Salaam. Vijito vya upande wa magharibi wa milima huingia Bwawa la Mindu, tegemeo la wakazi wengi wa manispaa yetu. Nailoni ya barafu iliyotupwa na mtoto juu mlimani ina safari ndefu, na katika safari hiyo husagika kuwa vipande visivyoonekana kwa macho bila kuacha kuwa plastiki.

Kosa langu la pili

Nilikwenda shuleni nikiwa nimejiandaa kwa hoja hizo zote. Mwalimu mkuu alinipokea kwa heshima, akanipa nafasi mbele ya walimu. Nilieleza chembe, dioksini na mapafu, nikahitimisha kwa kusema kwamba uchomaji wa taka ukome. Walimu wakaitikia. Nikarudi mjini nikiwa nimeridhika.

Baada ya wiki mbili mjomba alinipigia simu. Shimo la nyuma ya darasa lilikuwa limefukiwa, kweli. Shimo jipya lilikuwa limechimbwa nyuma ya vyoo, na taka zilichomwa jioni, baada ya saa za masomo.

Niliporudi, mwalimu mkuu hakunificha. "Daktari, gari la taka halipandi huku. Nina wanafunzi wanaofagia kila siku. Ulituambia tusichome, lakini hukutuambia tuweke wapi." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeleta amri bila kuleta njia.

Jambo hilo lilizungumzwa katika mkutano wa wazazi, na hapo mzee mmoja wa makamo ya baba yangu akasimama na kukumbusha habari ya matuta. Vijana waliokuwapo hawakuijua vizuri, kwa hiyo nairudia kwa ufupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo katika Uluguru. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao yenye mteremko. Lengo, kwa maelezo ya wataalamu, lilikuwa jema. Lakini kazi ilikuwa nzito, ilikula siku za kulima, na mara nyingi matuta yaliufukia udongo wenye rutuba na kuufunua udongo maskini wa chini. Mwaka 1955 watu walikataa. Huko Matombo zikazuka ghasia, polisi wakafyatua risasi na mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Hata hivyo, upande wa Mgeta, ambako mboga zilistawi na kuuzika, matuta yaliendelea kulimwa, na hadi leo anayepanda Nyandira huyaona.

"Daktari," mzee akamalizia, "udongo ni uleule na mlima ni uleule. Penye mboga, watu walichimba wenyewe."

Hakuhitaji kufafanua zaidi.

Kuipekua taka kabla ya kuihukumu

Tulianza upya, na safari hii tulianza kwa kutazama. Kwa juma moja, taka za shule hazikumwagwa shimoni. Walimu na wanafunzi wa madarasa ya juu, wakiwa wamevaa glavu na viatu, walizitandaza juu ya turubai na kuzigawa katika mafungu: majani na mabaki ya chakula, karatasi, plastiki, vyuma na kioo, na vitu vingine. Kila mtu aliyekuwapo aliona jambo lilelile. Fungu la majani na mabaki ya chakula lilikuwa kubwa kuliko mafungu mengine yote yakijumlishwa. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kilichokuwa kikichomwa kila siku haikuwa taka. Ilikuwa mbolea.

Morogoro haina upungufu wa walimu wa somo hilo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo hapa, na shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, maarufu kwa kifupi cha SAT, hufundisha wakulima kilimo hai na utengenezaji wa mboji. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Majani makavu hukatwakatwa, kwa sababu jani la mwembe ni gumu na likiachwa zima huchelewa kuoza. Hupangwa kwa tabaka pamoja na majani mabichi, maganda ya ndizi na mihogo, na samadi ya kuku au mbuzi. Lundo hunyunyiziwa maji mpaka liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, nalo huinuliwa kufikia kimo cha kama meta 1. Fimbo huchomekwa katikati. Baada ya siku chache fimbo hiyo ikichomolewa huwa ya moto mkononi, na watoto hupenda sana zamu ya kuichomoa. Joto hilo, ambalo katika lundo zuri huvuka nyuzi 55 za Selsiasi, huua mbegu za magugu na mayai ya minyoo. Lundo hugeuzwa kila baada ya wiki mbili hivi, na kwa miezi miwili au mitatu mboji huwa tayari.

Mahali palipokuwa na shimo sasa pana matuta ya mchicha, chainizi na matembele, na mboga hizo huongezwa katika chakula cha mchana cha shule. Wazee waliosoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, walicheka waliposikia habari ya bustani ya shule kuitwa jambo jipya.

Baada ya majani kuondolewa, kilichobaki kilikuwa kidogo kiasi cha kuweza kufikiriwa. Chupa za maji, makopo na maboksi huhifadhiwa katika viroba ndani ya banda, mahali pakavu, hadi viwe vingi kiasi cha kumvuta mnunuzi wa chupa na vyuma chakavu, ambaye huja na guta. Kila chupa humwagwa maji na kufungwa kizibo ili mbu wasizalie humo. Fedha inayopatikana si nyingi, lakini hununua sabuni ya kunawia mikono. Karatasi zilizoandikwa upande mmoja hutumika upande wa pili kwa hesabu za majaribio, na zilizochakaa kabisa huchanwa na kuingizwa katika mboji.

Hapa naomba kutoa angalizo la kitabibu. Karatasi za madaftari yaliyoisha zimezoeleka kufungia maandazi na karanga. Wino na uchafu wa mikono mingi hupita kwenye chakula, hasa kikiwa cha moto au chenye mafuta. Hiyo si njia nzuri ya kutumia tena karatasi.

Kupunguza kabla ya kurejeleza

Taka rahisi kuliko zote ni ile ambayo haikuzalishwa. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Kenya ilitangulia mwaka 2017, na Rwanda mwaka 2008. Wengi wetu tulidhani hatutaweza kwenda sokoni bila mfuko wa rambo, na leo tunakwenda. Hata hivyo, marufuku hiyo haikugusa kila kifungashio, na langoni mwa shule nyingi mabaki ya nailoni za barafu, ubuyu na karanga bado ni mengi.

Shuleni hapo wapo akina mama wanne wanaouza vitafunwa wakati wa mapumziko. Kuwafukuza kungekuwa kurudia kosa la matuta. Kamati ya shule iliketi nao, wakakubaliana kwamba mtoto atakuja na kikombe chake kwa ajili ya juisi na uji, na karanga zitapimwa kwa kikombe na kumiminwa katika kichombo cha mtoto. Nilisisitiza sharti moja: pawepo ndoo ya maji yenye koki na sabuni karibu nao. Kikombe kisichooshwa kikipita mikono kumi kitaleta kuhara, na hapo tutakuwa tumeondoa plastiki na kuleta ugonjwa. Makubaliano hayo hayafuatwi kila siku. Ipo siku maji hukosekana, na siku hiyo nailoni hurudi.

Taka zisizo na pa kwenda

Zipo taka ambazo shule haiwezi kuzioza wala kuziuza, na uungwana unatutaka tuzitaje waziwazi.

Ya kwanza ni pedi zilizotumika. Wasichana wasipopewa mahali pa kuzitupa kwa faragha huzitumbukiza chooni, na choo hujaa au kuziba kabla ya wakati. Wengine hukaa nyumbani siku hizo, na hilo ni hasara kubwa kuliko choo kuziba. Kila choo cha wasichana kinahitaji ndoo yenye kifuniko na mtu mzima anayewajibika kuimwaga. Panapowezekana, kijengwe kichomea taka chenye bomba refu la moshi, mbali na madarasa, kinachofikia joto la zaidi ya nyuzi 850, na kitumiwe na mtu mzima aliyefundishwa. Pasipowezekana, shimo refu lililofunikwa kwa zege ni afadhali kuliko moto wa wazi. Pedi za vitambaa hupunguza taka, lakini zinahitaji maji, sabuni na mahali pa kuanika juani bila aibu. Shule isiyo na vitu hivyo isiwasukumie wasichana mzigo huo.

Ya pili ni betri, balbu na makopo ya dawa za kupuliza. Kopo la kupuliza hulipuka motoni, na nimepata kuona uso wa mtoto uliounguzwa namna hiyo. Vitu hivi viwekwe kando, katika chombo kinachofungwa, hadi halmashauri itakapoelekeza pa kuvipeleka.

Ya tatu ni viwembe na sindano. Viwembe vya kuchongea penseli vina chombo chao kigumu. Mtoto akiokota sindano, asiiguse, amwite mwalimu. Nasi tulio katika zahanati jirani na shule tujikague: sindano inayookotwa uwanjani mara nyingi imetoka kwetu.

Kwa wahudumu wenzangu wa afya

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kampeni hiyo haikuishia katika kusikiliza. Kila kikundi kiliamua kitafanya nini mahali pake. Aidha, mwaka 1991 kundi dogo la wanafunzi wa sekondari lilikutana na mtafiti wa sokwe Jane Goodall nyumbani kwake Dar es Salaam, na hapo ukazaliwa mtandao wa klabu za mazingira wa Roots & Shoots, ambao sasa upo katika nchi nyingi duniani. Kwa hiyo hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa watoto na watu wa kawaida wanaobadili mazingira yao. Mifano imetoka hapa.

Kazi yetu kliniki ni ndogo na haigharimu fedha. Mtoto mwenye pumu, kikohozi kisichokoma au macho yanayowasha, aulizwe maswali matatu: Je, hali hubadilika siku za mapumziko na likizo? Shuleni, taka huchomwa wapi na saa ngapi? Nani anachochea moto? Aulizwe mtoto mwenyewe, kwa sababu mzazi huenda hajui. Majibu yakielekeza shuleni, tuandike barua fupi kwa mwalimu mkuu kuomba mtoto apangiwe zamu nyingine, kama kumwagilia bustani. Kisha, tukipata nafasi, twende kuitazama hiyo shule kabla ya kuishauri.

Kwa wazazi na wagonjwa

Mtoto mwenye pumu asikae karibu na moto wa taka, shuleni wala nyumbani. Dawa ya kuzuia itumike kila siku kama ilivyoelekezwa, hata akiwa mzima; ile ya kufungua mirija huondoa dhiki ya saa hiyo tu, na kuitegemea peke yake ni hatari. Mtoto akishindwa kuzungumza sentensi nzima, mbavu zikaingia ndani anapovuta pumzi, au midomo ikabadilika rangi, awahishwe hospitali bila kusubiri asubuhi.

Mtoto mwenye homa kali ya ghafla, maumivu nyuma ya macho na viungo, apimwe malaria na dengi. Wakati wa kusubiri majibu apewe parasetamoli na maji ya kutosha. Asipewe aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa huongeza hatari ya kuvuja damu iwapo ni dengi.

Msiogope kutueleza mnachokiona. Mjomba yule hakuwa amesomea tiba, lakini alihesabu siku za juma, na hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yangu.

Mvulana huyo sasa yuko darasa la saba. Bado ana pumu, bado hubeba pampu yake mfukoni, na kipupwe kilichopita kilimsumbua mara moja. Hajalazwa tena. Shule bado ina siku ambazo moshi huonekana, hasa mwishoni mwa muhula, pale kila mtu anapotaka kumaliza haraka na kwenda nyumbani. Mwalimu mkuu hunipigia simu mwenyewe kunieleza, nami huacha kumlaumu, kwa sababu najua kilima anachokipanda.

Nilipokwenda mara ya mwisho, mvulana alinipeleka kwenye lundo la mboji, akachomoa fimbo, akanikabidhi niishike. Ilikuwa ya moto. "Shikamoo moto wetu, Daktari," akasema akicheka, "huu hautoi moshi."